Mpishi wa Zombe aliyepima sahani za walioacha bangi

Saa nne asubuhi, na tayari mabati ya mji mdogo wa Salama yanachoma. Malori yaendayo Mombasa yamepangana kando ya barabara kuu, madereva wananyoosha migongo, na katika hoteli ya Bi Kalunde Ndolo sahani zinatoka na kurudi bila kupumzika. Chapati, ndengu, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, chai ya maziwa.

Bi Kalunde, 55, hasimami kwenye meko. Kazi hiyo amewaachia wasichana wawili aliowaajiri. Yeye anasimama penye dirisha dogo ambapo vyombo vichafu hurudishwa, na kila sahani anaitazama kabla haijatumbukizwa kwenye karai.

Sahani moja inarudi karibu kama ilivyotoka. Muthokoi umemegwa upande mmoja tu. Bi Kalunde anamtafuta mwenye sahani kwa macho, na kumwona kijana wa miaka ishirini na kitu akiwa peke yake mezani. Shati limemlowa mgongoni ilhali wenzake wa lori ni wakavu. Mguu wake wa kulia unatikisika bila kukoma.

Anajaza kikombe cha uji, anaenda kuketi mbele yake.

"Umeacha lini?"

"Kuacha nini, mathe?"

"Bangi."

Kijana anageuka kutazama mlango, kana kwamba polisi wako nje. Kisha anajibu kwa sauti ya chini: "Jumapili."

"Leo ni Jumatano. Hizi ndizo siku mbaya. Ukifika Jumapili nyingine tumbo litaanza kudai haki yake. Kunywa huu uji, hata ukimaliza nusu ni sawa."

Anakunywa nusu. Anauliza kama yeye ni mganga.

"Mimi ni mpishi," Bi Kalunde anamwambia, na kurudi dirishani pake.

Hakuwa amebahatisha. Miaka ishirini na mmoja iliyopita, katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya Zombe, wilayani Kitui, mama huyu alikuwa sehemu ya utafiti ambao watu wachache mno wanaukumbuka: kutafuta namna ya kuwatibu vijana waliokuwa wakijaribu kuacha bangi.

Alizaliwa mwaka wa 1941, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Zombe. Shule aliiacha darasa la nne. Mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, aliajiriwa kuosha vyombo katika jiko la hospitali kwa mshahara wa shilingi sitini kwa mwezi. Kufikia 1975 alikuwa mpishi mkuu na mshahara ulikuwa umefika shilingi mia moja na arobaini.

"Ungeiona ile jikoni," anasema, na uso wake wote unalainika. "Meko matatu ya mawe. Sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani. Jumanne lori lilileta mahindi na maharagwe kutoka Kitui mjini, na sisi tulilisikia likiwa bado ng'ambo ya mto, tukaanza kufagia stoo."

Wanawake wa jikoni waliosha vyombo wakiimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba, sauti mbili, na wagonjwa waliokuwa na nguvu waliitikia kutoka wodini. Mvua ikinyesha, kazi yote ilisimama. Si kwa sababu ya kulowa, anasema, bali kwa sababu kila mtu alitoka nje kuitazama.

"Siku hizo hospitali ilikuwa kama boma moja. Mtu akipona, alikuja jikoni kuaga kabla ya kwenda kwa daktari kuaga."

Lakini kulikuwa na wagonjwa ambao hawakuwa wakija kuaga. Walikuwa vijana, wengi wao wavulana waliochoma makaa, waliopakia malori, au waliomaliza shule na kukosa kazi. Waliletwa na jamaa zao wakiwa wamefungwa kamba za katani mikononi, wakisemekana wameharibiwa na bangi. Walidungwa sindano nzito, wakalala siku mbili tatu, wakarudishwa nyumbani. Mwezi haukuisha kabla ya kuletwa tena.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1974, alipofika Daktari Mwangangi, kijana wa miaka thelathini na mmoja, Mkamba wa Makueni aliyetoka masomoni. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na alipenda kunywa chai yake jikoni badala ya ofisini.

"Alituambia, 'Tunatibu kitu ambacho hakuna aliyewahi kukaa chini akakitazama,'" Bi Kalunde anakumbuka. "Vitabu alivyosomea vilisema mtu akiacha bangi hapati taabu yoyote, ni ukaidi tu. Yeye hakuamini. Alisema, 'Mimi nimewaona wakitetemeka.'"

Daktari aliomba ruhusa kwa kamati ya kanisa, akapewa wodi kuukuu yenye vitanda kumi na sita. Masharti yake yalikuwa mawili: anayeingia awe na umri kati ya miaka kumi na minane na ishirini na mitano, na aje kwa hiari yake. Kamba ziliachwa getini. Kila kijana angekaa wiki tatu, akifuatiliwa siku baada ya siku, huku akipewa kapsuli asubuhi na jioni za kutuliza mwili.

Kundi la kwanza liliingia Februari 1975. Walikuwa vijana kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa Kiilu, ndugu mdogo wa Bi Kalunde.

"Mama yetu alifariki Kiilu akiwa na miaka sita. Nilimlea mimi," anasema. "Alikuwa mtoto wa kuimba. Anachunga mbuzi akiimba, anateka maji akiimba. Alipoanza safari za lori za makaa kwenda Mombasa, alirudi na pesa kidogo na bangi kwenye soksi. Mwaka wa pili sikumsikia tena akiimba. Nilimwambia, 'Mwanaa mwaitu, jaribu kwa huyu daktari.' Alikubali kwa sababu nilikuwa pale."

Mwanaa mwaitu, yaani mtoto wa mama yangu. Ndivyo alivyomwita, na ndivyo anavyomwita hadi leo.

Utafiti ulianza vibaya. Daktari alikuwa na fomu zenye maswali. Umelala? Umetokwa na jasho? Una hasira? Una hamu ya chakula? Vijana walijibu kila swali kwa maneno mawili: niko sawa. Hakuna aliyetaka kuonekana mnyonge mbele ya wenzake.

Alasiri moja daktari aliketi jikoni na kulalamika kwamba kwa mujibu wa karatasi zake, wodi nzima ilikuwa na afya kuliko yeye.

"Nikamwambia, 'Daktari, hao wanakudanganya. Njoo uone.' Nikampeleka pale sahani zilipokuwa zikisubiri kuoshwa. Zilikuwa zimejaa! Tulikuwa tukiwapikia vijana kumi na wanne na kulisha mbwa wa jirani."

Daktari Mwangangi alisimama mbele ya zile sahani kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama kulikuwa na mizani.

Kulikuwa na mizani ya kupimia unga. Kuanzia kesho yake, kila sahani ya bati ilipakwa namba kwa rangi upande wa chini. Bi Kalunde aliipima ikitoka na kuipima ikirudi, naye muuguzi Ndila aliandika.

"Kusoma Kiingereza sikuweza. Namba naziweza," anasema.

Kwa muda wa wiki chache picha ilijitokeza, naye anaieleza leo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake. Siku ya kwanza walikula vizuri. Siku ya pili chakula kilianza kurudi. Siku ya tatu hadi ya sita sahani zilirudi zimejaa, na ndizo siku ambazo shuka zililowa jasho na vijana waligombana kwa ajili ya kipande cha sabuni. Siku ya nane au ya tisa, wengi wao walianza kula. Kufikia siku ya kumi na mbili walikuwa wakija mlangoni kuuliza kama kuna ukoko.

Yeye pia ndiye aliyemwonya daktari asiamini kila sahani. Kulikuwa na kijana ambaye hakugusa maharagwe tangu utotoni, na mama yake alithibitisha. Namba zake zilifutwa zikaanzwa upya kwa chakula alichozoea.

"Daktari aliwahi kuniambia, 'Kalunde, wewe ndiye mtafiti, mimi ni karani wako.' Nilicheka. Lakini siku hiyo nilifunga kitambaa changu cha kichwa vizuri zaidi."

Kisha ukaja mwezi wa Machi, na jambo ambalo hadi sasa linamfanya atulize mikono yake mapajani kabla ya kulisimulia.

Katika lile kundi kulikuwa na Muktar, mwana wa Bishar, mfanyabiashara wa mifugo aliyepitisha ng'ombe wake soko la Zombe kutoka kaskazini mashariki. Muktar alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa Mwislamu pekee wodini, kwa hivyo Bi Kalunde alimtengea sufuria yake. Alichelewa kuingia, na siku yake ya tano ilimkuta akiwa hoi. Hakuwa amelala. Alikuwa ametapika hata chai.

Mama yake, Ijabo, alikuja na kuketi kwenye kizingiti cha jikoni.

"Aliniuliza, 'Mama Kalunde, mbona dawa ya mwanangu ni dhaifu? Wengine wanalala.' Nikamwambia avumilie, dawa ni ile ile. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi."

Kesho yake asubuhi sahani ya Muktar ilirudi na wali wote. Katikati ya wali kulikuwa na kapsuli aliyoitema, imepasuka, unga mweupe umemwagika. Bi Kalunde aliuchukua kwa ncha ya kidole na kuulamba.

"Ulimi wangu uliujua mara moja. Ulikuwa unga wangu wa muhogo."

Mwezi mmoja kabla, daktari alikuwa amemwomba unga wa muhogo uliochekechwa kwa kitambaa, "kwa kazi ya dawa." Alimpa kopo zima, akidhani unachanganywa na dawa ili ishikane. Sasa alielewa kwamba baadhi ya kapsuli hazikuwa na kitu kingine chochote.

Aliibeba ile sahani hadi ofisini. Mazungumzo yaliyofuata anayakumbuka neno kwa neno.

"Daktari, hii ni nini?"

Daktari Mwangangi alitazama, akavua miwani. "Ni unga."

"Huyu mtoto ana siku tano hajalala, na unampa unga?"

"Kalunde, hata mimi sijui ni nani anapata unga na nani anapata dawa. Orodha anayo Ndila, imefungwa. Nusu wanapata dawa, nusu unga. Nisipofanya hivyo sitajua kama ni dawa inayowasaidia au ni siku zinazopita tu. Tutaendelea kuwapa watu dawa miaka hamsini bila kujua."

"Hilo naelewa. Wao wanaelewa?"

Daktari aliiweka miwani mezani.

"Mama yake aliniuliza jana. Nimemdanganya mama wa watu bila kujua. Waambie."

"Nikiwaambia wataondoka."

"Basi waondoke wakijua. Mimi sitapeleka chakula huko wodini mpaka waambiwe."

Bi Kalunde alikuwa na watoto watatu nyumbani na mshahara huo mmoja. Daktari angeweza kumfukuza kwa neno moja. Badala yake aliketi, akaitazama ile sahani, kisha akasema, "Kabla ya chakula cha mchana. Niitie wote."

Vijana kumi na wanne walikusanyika barazani. Daktari aliwaeleza kwa Kikamba, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Muktar. Aliwaomba msamaha. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda anaweza kwenda, na anayebaki atakuwa amebaki akijua kwamba kapsuli yake huenda ni unga.

Wanne waliinuka. Wa tatu kuinuka alikuwa Kiilu.

Alimkuta dada yake mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi.

"Mlikuwa mnatuchezea," alisema.

"Mwanaa mwaitu, ngoja. Huenda wewe unapata ile ya kweli. Wewe unalala."

"Unga ulitoka kwako."

"Sikujua. Nimejua leo."

"Unga ulitoka kwako," alirudia, akachukua shati lake kwenye kamba ya nguo na kushika barabara ya kwenda Zombe.

"Nilibaki nimesimama," anasema Bi Kalunde. "Uji ulikuwa motoni, nikajiambia ukitulia nitamfuata. Ulipotulia, alikuwa amekwisha kupata lori."

Muktar hakuondoka. Mwandishi wa makala haya alimpata Zombe, siku ya soko, akiwa amezungukwa na mbuzi na wanunuzi. Ana miaka arobaini sasa, ndevu zimeanza mvi, na alipoulizwa kuhusu siku ile alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Unajua mimi nilikuwa nafikiri nini?" alisema. "Nilikuwa nafikiri dawa ya hospitali imenishindwa. Kwamba wenzangu wanapona na mimi nimeharibika kabisa, hakuna kitu kinaweza kunisaidia. Daktari aliposema kuna unga, nikajua ni mimi. Kumbe zile siku tano nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe! Nikamwambia mama, leta maziwa."

Ijabo alileta maziwa ya ngamia kwa kibuyu. Siku ya nane Muktar alimaliza wali wake. Hajarudia bangi, anasema, isipokuwa mara moja mwaka wa 1978, "na hiyo niliijutia mwenyewe."

Kuanzia siku ile, kila kijana aliyeingia wodini aliambiwa habari ya unga kabla ya kuandikishwa. Baadhi walikataa na kurudi nyumbani. Wengi walikubali. Katika miaka miwili utafiti uliwafuata vijana arobaini na sita, na Bi Kalunde hakukosa kupima sahani isipokuwa siku sita alipougua malaria.

Desemba 1976 orodha ya Ndila ilifunguliwa. Bi Kalunde anaeleza matokeo kwa tahadhari ile ile aliyomsikia nayo daktari. Waliopata dawa ya kweli walilala vizuri zaidi wiki ya kwanza. Lakini hamu ya chakula ilirudi karibu siku zile zile kwa wote. Na baada ya miezi sita, kuacha au kurudia hakukuonekana kutegemea kapsuli.

"Aliandika kwamba watu arobaini na sita ni wachache, na wengine waanzie hapo. Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Niliona wale waliokuwa na mtu wa kula naye nyumbani ndio walioshika. Lakini hilo hatukulipima, kwa hivyo siwezi kukuambia ni kweli."

Jioni ile daktari alimfuata stoo na kumwambia jambo moja zaidi. Kiilu alikuwa akipata dawa ya kweli.

"Nilikaa juu ya gunia la maharagwe. Daktari naye akakaa kwenye gunia lingine."

Je, alijuta kumlazimisha daktari aseme ukweli?

"Ningerudi siku ile, ningemlazimisha tena," anajibu bila kusita. "Lakini ningemwita Kiilu kando kwanza. Ningemweleza mimi, dada yake, kabla hajasikia barazani mbele ya watu. Hilo ndilo sikufanya."

Mwaka wa 1977 fedha za utafiti ziliisha na Daktari Mwangangi akahamishiwa Nairobi. Siku ya kuondoka alipita jikoni kwanza. Wodi ikageuzwa kuwa ghala. Sahani zenye namba ziliendelea kutumika, na wagonjwa wapya walizipindua wakiuliza namba hizo ni za nini.

Bi Kalunde alibaki hadi ukame wa 1984, alipokuwa akipika mahindi ya manjano ya msaada kwa foleni iliyofika getini. Baadaye hospitali ilipunguza wafanyakazi naye akawa miongoni mwao. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alifunga mizigo, akaja Salama kwa binamu yake, akaanza kwa kuuza chai na mandazi kando ya barabara. Leo muthokoi wake ni shilingi ishirini na tano kwa sahani, na wateja humfuata kutoka mji jirani wa Malili.

"Hapa ni pazuri, silalamiki. Lakini hakuna anayeimba akiosha vyombo," anasema. "Hawa wasichana wangu wana redio."

Kwa miaka kumi na miwili hakujua Kiilu aliko. Kisha mchana mmoja wa mwaka 1987 mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu aliingia hotelini, akaagiza muthokoi. Alikuwa amesikia njiani kwamba kuna mwanamke wa Zombe anayeupika kama kwao.

"Nilimjua kwa namna alivyoketi, mguu mmoja umekunjwa. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Alikula akamaliza. Kisha akasema, 'Dada, umezeeka.' Nikamwambia, 'Na wewe pia.' Tukacheka, tukalia, wateja wakatutazama."

Tangu wakati huo Kiilu, ambaye sasa ana miaka arobaini na mmoja na anafanya kazi ya kupakia malori, hupita Salama karibu kila mwezi. Bangi hajaiacha. Amejaribu mara mbili, na mara ya pili alifika miezi minane. Mambo ya Zombe hawakuyagusa. Miaka tisa walikula pamoja bila Bi Kalunde kumwambia kilichokuwa kwenye orodha.

"Nilikuwa naogopa. Ningemwambia aliacha dawa ya kweli, ingekuwa kama ninamwambia amepoteza maisha yake kwa kosa dogo."

Huenda habari hii ingeishia hapo, kama si kwa Nzilani Musyoka, afisa wa kliniki mwenye miaka ishirini na tisa anayefanya kazi Wote, wilayani Makueni. Mwaka jana, akitafuta chochote kilichoandikwa kuhusu kutibu uraibu wa bangi miongoni mwa vijana, aliipata ripoti ya kurasa kumi na tisa iliyopigwa taipu, imejaa vumbi katika maktaba ya chuo alikosomea.

"Kulikuwa na jedwali la mabaki ya chakula kwa gramu, siku ishirini na moja, kila kijana," anasema Nzilani. "Sijawahi kuona mtu aliyefanya kazi kwa uangalifu namna hiyo. Mwishoni kulikuwa na shukrani kwa mtu mmoja tu: K. Ndolo, mpishi. Nikasema lazima nimpate huyu."

Alimwandikia Daktari Mwangangi, ambaye sasa amestaafu na anaishi Nairobi, naye akamwelekeza Zombe. Kule Zombe akaelekezwa Salama. Mwezi wa Julai aliingia hotelini na ile ripoti mkobani, akamsomea Bi Kalunde mstari wa mwisho.

"Nilimwomba asome tena," anasema Bi Kalunde. "Kisha nikamwomba asome namba. Hizo nilizikumbuka."

Nzilani amepata ruhusa ya kuanza utafiti mpya mwezi Januari, na vijana thelathini. Safari hii wasichana pia watakubaliwa, na mbali na dawa, utafiti utapima lile wazo lililoachwa: kama kuwa na jamaa wa kula naye baada ya kutoka wodini kunamsaidia kijana asirudie. Amemwomba Bi Kalunde akae Wote wiki tatu za mwanzo awafundishe watu wa jikoni. Bi Kalunde amekubali, na hoteli ataiacha mikononi mwa wale wasichana wawili.

Wiki mbili zilizopita Kiilu alipita. Baada ya kula, Bi Kalunde alifunga mlango wa nyuma, akaketi karibu naye, na kumwambia yote: orodha, jina lake, dawa ya kweli.

"Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, 'Kwa hivyo ule usingizi ulikuwa wa dawa.' Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Mimi miaka hii yote nilidhani nililala kwa sababu nilikuwa karibu na wewe.'"

Anafuta macho kwa ncha ya leso na kuendelea kusimulia.

Kiilu aliuliza mengi siku hiyo kuhusu Wote. Nani ataingia, wataambiwa nini, na wanaotaka kuondoka watazungumza na nani. Alipoambiwa hakuna aliyepangiwa kazi hiyo, alisema yeye anaweza kukaa getini. Anajua mtu anayeondoka anafikiri nini. Nzilani amekubali, na Kiilu ameomba likizo kwa mwenye lori.

Kuhusu bangi yake mwenyewe hajasema lolote, na Bi Kalunde hajamuuliza. Kwa umri hawezi kuandikishwa katika utafiti. Lakini wiki tatu atakuwa pale, akila chakula cha dada yake mara tatu kwa siku, na Bi Kalunde hafichi analolitarajia.

"Najua ni ngumu. Siku ya tatu, siku ya nne, huenda akachukua shati lake," anasema. Anatazama barabara ambako lori linaondoka polepole kuelekea Mombasa. "Safari hii akiondoka, nitaacha uji uungue. Nitamfuata."